Mwongozo kwa Mchua Misuli Mtarajiwa wa Pemba

Hongera. Wenzako wa mchepuo wa sayansi wamekwenda kusomea udaktari, uuguzi na uhandisi wa mafuta ambayo bado hayajachimbwa. Wewe umechagua enka za watu. Umesikia kwamba Marekani hii ni kazi kamili: chama cha wachua misuli wa huko, NATA, kiliundwa Kansas City mwaka 1950, na siku hizi anayetaka kuingia kazini anatakiwa asome hadi shahada ya uzamili kisha afanye mtihani wa bodi. Umeona kwenye televisheni jamaa anatoka mbio na begi, anapiga magoti kando ya majeruhi, uwanja mzima kimya. Ukasema moyoni: kazi yangu ni hii, na nitaifanyia nyumbani, Pemba. Basi soma mwongozo huu mpaka mwisho kabla hujalipa ada. Tunajua umeshalipa.

Anza na chuo. Nenda KCMC, Moshi, ukasome fiziotherapia. Au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanakofundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Au Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, Mwanza. Njia zote zinaanzia bandari ya Mkoani: boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, halafu, kwa anayekwenda Moshi au Malya, basi kutwa nzima na mkate wa mofa uliofungiwa na mama. Wazee waambie unasomea fiziotherapia. Watakapowaambia majirani kwamba unasomea udaktari, nyamaza. Ukijitia kusahihisha, ami yako atauliza kama hiyo ndiyo kazi ya kukanda watu, na kama ndiyo, kwa nini bibi yako mzaa mama anaifanya miaka yote bila kupelekwa Moshi. Swali hilo halimo katika mitihani ya chuo.

Ukirudi na cheti, zoea kuitwa Dokta. Utaitwa Dokta mtu anapoanguka, na "we kijana" anaponyanyuka. Watu watakuletea presha, mtoto anayekohoa, na mbuzi aliyevunjika mguu. Mbuzi mpokee. Kati ya hao watatu ndiye pekee uliyesomea maradhi yake.

Sasa tayarisha begi. Tia bandeji za kuvutika, plasta, mkasi, glavu, pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, na barafu. Barafu ndiyo itakayokutoa jasho. Klabu haina friji, na kama inayo, iko nyumbani kwa mweka hazina na imejaa samaki. Itakubidi uchague baina ya mabonge ya soko la samaki, ambayo yana harufu, na barafu za ukwaju za mama wa jirani, ambazo zina sukari. Chukua za ukwaju. Enka itapoa, uvimbe utatulia, na kiungo wako wa kati atalala na sisimizi. Hesabu pia kwamba mpaka kufikia mapumziko wachezaji wa akiba watakuwa wamekula nusu ya dawa. Ukitaka kujifariji, kumbuka kwamba Gabe Mirkin, daktari wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 kilieneza kanuni ya kupumzisha mguu, kuuwekea barafu, kuufunga na kuuinua, mwenyewe alikuja kubadili kauli akasema barafu huenda ikachelewesha kupona. Habari hiyo haijafika Konde, na usiipeleke wewe. Barafu ndiyo ushahidi wako pekee mbele ya umma kwamba umefanya kazi.

Ongeza chupa ya mafuta ya makonyo. Kiwanda cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kinayakeneka kutokana na vikonyo vya karafuu, na hakuna kitakachokujengea jina haraka zaidi. Mchezaji wa Pemba haamini kuwa ametibiwa mpaka watazamaji wa upande wa pili wanuse. Usiyapake matupu, yanachoma ngozi. Yachanganye na mafuta ya nazi, kidogo kwa mengi. Na usijifute jasho la uso kwa mkono huo huo. Utajifuta.

Njia ya kwanza ya ajira ni klabu. Nenda kwa katibu, mkute barazani, msalimie vizuri. Atakupokea kwa furaha. Usiulize mshahara siku ya kwanza, kwani kuuliza mshahara ni dalili ya kukosa mapenzi na timu. Siku ya pili usiulize pia. Mwezi wa tatu ukiuliza, utaambiwa timu hii ni ya wananchi, maana yake ni kwamba mshahara wako wanao wananchi, nao wametawanyika. Utakachopata kinaitwa posho. Posho hutolewa timu ikishinda, ikisafiri, na mfadhili akiwa na wageni. Timu ikitoka sare, nauli ni yako.

Ikitokea klabu imepata tiketi ya michuano ya Afrika, utathaminiwa ghafla. Kanuni za leseni za CAF zinataka klabu iwe na daktari na mtu wa fiziotherapia, kwa hiyo utapigiwa simu usiku ulete vyeti vyako, halisi na nakala. Vilete. Vitafika Cairo. Wewe utafika Mkoani bandarini kuwaaga wenzako, maana kiti chako kwenye ndege amekipata mjumbe wa kamati ambaye naye ana mgongo.

Safari za Unguja hazikwepeki, na huko ndiko utakakofanya kazi yako nzito kuliko zote. Boti ikiingia mkondo wa Nungwi wakati wa kusi, washambuliaji wako waliokuwa wanaimba Mkoani watanyamaza mmoja mmoja. Gawa vifuko mapema, gawa limau na tangawizi, kaa karibu na kipa. Chuoni hukufundishwa namna ya kumtayarisha kwa mechi ya jioni mchezaji aliyetapika tangu asubuhi, lakini lawama ya dakika 90 za miguu mizito itakuwa juu yako. Usiwakumbushe kwamba nawe ulitapika. Dokta hatapiki.

Kabla ya mechi utataka kuwapasha moto. Unaijua programu ya FIFA inayoitwa 11+: dakika 20 hivi za mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu na usawa, kisha mbio za kugeuka ghafla. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba ikifuatwa sawasawa inapunguza majeruhi kwa kiasi kikubwa. Mweleze kocha. Atakusikiliza kwa makini, atasema ni jambo zuri sana, halafu atakupa dakika 3, kwa sababu 5 ni za dua, 7 ni za hotuba ya mfadhili, na zilizobaki ni za kumtafuta beki wa kushoto. Nyama za paja za kwanza zitachanika kabla ya mapumziko. Usimtazame kocha.

Jifunze sasa namna ya kuingia uwanjani. Mwendo wako unaamuliwa na matokeo. Timu yako ikifungwa, toka mbio, mnyanyue majeruhi hata kama anakuambia mguu hausikii. Timu yako ikiongoza, tembea. Fungua zipu ya begi pole pole. Sahau mkasi kwenye benchi, urudi kuufuata. Kocha hatakueleza hili kwa mdomo. Atakutazama wewe, kisha atatazama saa yake. Zaidi ya yote ishike Sheria ya 5 ya mpira wa miguu: mchezaji wa ndani akitibiwa kwa kawaida hutakiwa atoke nje kwanza, lakini kipa halazimiki kutoka. Ndiyo maana timu ikiongoza bao moja, kuanzia dakika ya 75 kipa wako, kijana mwenye siha kuliko kikosi kizima, hupatwa na maradhi mfululizo: goti, bega, jicho, kisha goti lile jingine. Usimuulize panapouma. Bado hajaamua. Na siku atakayoumia kweli, mwamuzi atakuwa ameshawazoea nyote wawili, hatakuita.

Kuna moja hutalifanyia mchezo. Mtu akigonganishwa kichwa akazimia, hata kwa sekunde chache, harudi uwanjani siku ile. Ndiyo kanuni ya tiba ya michezo duniani kote, na watunga sheria za mpira wameshayapa mashindano ruhusa ya kuingiza mchezaji wa ziada badala yake. Kanuni ya kiwanjani kwetu ni kummwagia maji, kumpiga makofi ya mashavu na kumuuliza jina lake. Akitaja jina lolote, amepona. Ukimshika mkono umtoe nje, mashabiki watataka kujua umetumwa na nani, na huenda mwenyewe akakusukuma, kwa sababu hajui yuko wapi ila anajua anacheza namba tisa. Mtoe hivyo hivyo. Kisha tafuta njia ya kurudi kwenu isiyopita barazani.

Fahamu cheo chako. Juu kabisa yuko mfadhili, chini yake mwenyekiti, katibu, kocha, halafu kamati ya ufundi, ambayo usiulize inashughulikia ufundi gani. Wewe uko baada ya mtunza vifaa, kwa sababu yeye ana funguo. Jambo jingine: Pemba ina sifa ya uganga ambayo haikuiomba. Klabu kubwa za Kariakoo huvuka bahari kuja kupiga kambi kisiwani kabla ya kukutana, Yanga ndio mfano unaojulikana zaidi, na sababu inayotangazwa ni utulivu. Pemba ni tulivu kweli, hakuna anayebisha. Nachingwea nako ni kutulivu, na hatujasikia timu imekwenda.

Kwa hiyo ukiomba bandeji ukaambiwa fedha hakuna, amini kwamba zilikuwepo. Zimetoka alfajiri, ndani ya bahasha, na aliyezipokea hakutia saini. Kule bara klabu kubwa zimeshatozwa faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Kwenye viwanja vya vijiji mlango usio rasmi ni ukuta, na ukuta una urefu wake, hivyo enka ya kwanza ya siku utaitibu kabla ya filimbi. Usicheke. Usiandike kwenye ripoti chanzo cha jeraha. Na ukifungua bandeji ya mchezaji ukakuta fundo la kitambaa ambalo hukulifunga wewe, lifunge tena kama ulivyolikuta.

Sasa mpinzani wako wa kweli. Hana cheti wala begi. Ana mkeka, mafuta, na mikono iliyowapokea wachezaji wako wote walipozaliwa. Ndiye bibi mkandaji wa kijiji. Mchezaji akiumia Jumamosi, Jumamosi usiku yuko kwake. Jumapili yuko kwake. Jumatatu anapelekwa kwa babu anayeunga mifupa, anafungwa vibanzi vya mwanzi na kusomewa. Alhamisi, mguu ukiwa umebadilika rangi, mtu atakumbuka kwamba timu ina dokta. Usikasirike. Bibi huja bila miadi, hapangi foleni, hajazi fomu, na hulipwa kilo ya sukari. Tena tuseme kweli: kwa misuli iliyobana na mgongo wa kawaida, mikono yake inaishinda mashine yoyote uliyoonyeshwa Moshi. Kaa ubavuni pake ujifunze namna anavyotafuta panapouma kwa kidole gumba huku anamuuliza mgonjwa habari za mkewe ili asijikaze. Mimi ningeiweka mbinu hiyo katika mtaala.

Shida ni mfupa. Ukifungwa ukabana kupita kiasi, damu haishuki, na kiungo kinaweza kufa. Shika dalili: vidole vimepauka, vimekuwa baridi, vinachomachoma, au mgonjwa analia zaidi ya jeraha linavyostahili. Hapo haisubiriwi kesho, pafunguliwe. Lakini usiseme hivyo mbele za watu. Sema, "Shikamoo bibi. Naona vidole vya huyu vimelala kidogo. Tumpumzishe?" Akisema, "Mjukuu wangu, hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo," mwache afungue kwa mikono yake mwenyewe, mshukuru, kisha mkubaliane gari la hospitali, Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, kwa ajili ya picha. Usilitaje neno picha kabla ya shukrani. Mgonjwa akipona, sifa ni ya bibi. Akichechemea, ni kwa sababu alipelekwa picha.

Ukichoka na klabu, jaribu Serikali. Nenda afisi ya Wizara ya Afya, Pemba, ukamwone Afisa Mdhamini. Utakaribishwa vizuri, utaulizwa kwenu wapi na wewe ni mtoto wa nani. Jibu kwa utulivu, sehemu hiyo ya usaili ndiyo yenye alama nyingi. Kisha utaelezwa kwamba kazi yako ni ya michezo. Nenda wizara inayoshughulikia michezo, kwa Afisa Mdhamini mwingine, muungwana vile vile, naye atakueleza kwamba kazi yako ni ya tiba. Utashauriwa uandike barua kwa Baraza la Taifa la Michezo na nakala sehemu tatu. Andika. Utajibiwa kwamba nafasi yako haimo katika muundo wa utumishi, na ili iingie ni lazima kwanza awepo mtumishi mwenye nafasi hiyo atakayeleta hoja. Barua yako haitapotea. Huku barua hazipotei, zinafanyiwa kazi.

Timu ya taifa? Usiitegemee kwa muda mrefu. Machi 2017 CAF ilitupokea kuwa mwanachama kamili, na pengine ungeanza kuota Kombe la Mataifa ya Afrika ukiwa kwenye benchi la Zanzibar. Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Ndoto nyingi hudumu zaidi ya miezi minne. Imebaki CECAFA, tuliyoichukua mwaka 1995 na kuikosa kwa penalti mbele ya Kenya, Machakos, Desemba 2017, na limebaki Kombe la Mapinduzi. Januari 2025 lilichezewa hapa hapa kisiwani, uwanja wa Gombani, kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso 2–1 katika fainali. Mashindano kama hayo yakija tena, jitolee mapema. Utapewa fulana, na kitambulisho chenye jina la mtu mwingine.

Mpaka hapa umekuwa ukiwatafuta wanamichezo kwenye viwanja vya mpira, na kosa limekuwa hilo. Mwanamichezo mkubwa wa Pemba hana jezi. Yuko juu ya mkarafuu, mita 10 au zaidi kutoka ardhini, mguu mmoja kwenye tawi na mmoja kwenye dua, ananing'inia kwa mkono wa kushoto na kuchuma kwa wa kulia tangu asubuhi mpaka jua kali. Ana mabega ya muogeleaji na mshiko ambao mpandaji milima angeutamani, hajawahi kupasha moto hata dakika moja, na huteleza. Kila msimu watu huanguka. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, limekuwa likiwafidia walioanguka wakichuma karafuu, jambo ambalo klabu nyingi za mpira hazijalifikiria. Ukitaka kuwa na faida kwa mtu, mwezi ambao karafuu zimeiva usiende kambini kwenye timu. Nenda shamba.

Ukifika kwa aliyeanguka utakuta watu sita wameshamwinua, mmoja ameshika makwapa, mmoja miguu, na kijana wa bodaboda amewasha injini. Paza sauti. Aliyeanguka kutoka juu, akalalamikia shingo au mgongo, au hasikii miguu, hanyanyuliwi kwa makwapa wala hakalishwi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Alazwe palepale, mtu mmoja akishike kichwa kisiende huku wala huku, uletwe mlango au ubao mpana, mumgeuze kwa pamoja kwa hesabu moja kama gogo, mumfunge juu yake, aende kwa gari. Hilo ndilo somo moja la chuo litakaloamua kama mtu atatembea au hatatembea. Litaleta ugomvi. Mwenye mlango atataka kujua atarudishiwa lini.

Kwa binti aliyesomea kazi hii, mambo ni magumu zaidi na wateja ni wengi zaidi. Timu za wanaume zitakutaka kwa maneno, kisha zitagundua kwamba wazee wa timu hawawezi kukuona ukimkanda paja winga mbele ya jukwaa. Watapendekeza usimame kando umwelekeze kaka yako namna ya kukanda. Kataa kwa adabu, teremka pwani maji yakitoka. Wanawake wa mwani wameinama humo saa nyingi, wanafunga na kufungua kamba, kisha wananyanyuka na viroba vilivyojaa maji ya bahari. Migongo yao na magoti yao yanatosha kukuajiri maisha, na hakuna mwanamume atakayeruhusiwa kuyagusa. Wafundishe kunyanyua kwa mapaja, wafundishe kupokezana. Watakuita mwanangu, watakulipa pweza. Pweza haingii katika mchango wa hifadhi ya jamii, lakini posho nayo haijawahi kuingia.

Usiwasahau watu wa vikundi vya mazoezi, ambao kila Januari mosi, Siku ya Mazoezi Kitaifa, hutoka kwa mamia wakiwa na fulana za rangi moja. Ndani yao wamo wakuu wa idara waliokaa vitini miezi kumi na moja na wiki tatu. Januari pili ni sikukuu yako. Waambie wapunguze mwendo, wavae raba badala ya kandambili, na goti lililovimba lipumzishwe. Watakubali yote, na jioni utawaona wanakimbia, kwa sababu mkuu wa mkoa anakimbia.

Kuhusu mchezo wa ng'ombe, ambao wengi wanasema tumeachiwa na Wareno na ambao huchezwa kaskazi inapovuma, ushauri ni mfupi. Nenda kama mtazamaji, na begi uliache karibu. Usimwambie mchezaji anyooshe misuli kabla ya kumkabili ng'ombe. Ng'ombe atahakikisha amenyooka. Tayarisha bandeji za mbavu, na gari liwe limeelekezwa barabarani. Akina mama wanaoimba pembeni wana lugha kali kwa anayekimbia, kwa hiyo wagonjwa wako wengi watakuwa wale walioona aibu kukimbia.

Kama yote haya hayajakutosha, ipo njia ya hoteli. Pemba haina hoteli nyingi: iko Manta kule Makangale, yenye chumba chini ya maji, iko Fundu Lagoon huko Wambaa, na chache nyingine. Unguja, Nungwi na Kiwengwa, ziko tele. Huko utafanya masaji, kwa vipimo vya saa moja na saa moja na nusu, kwa watu wasioumwa na kitu. Mshahara utafika kwa wakati na mgongo wa mteja utakuwa mlaini. Nyumbani waambie uko idara ya afya ya hoteli. Au nenda Maskati, kwa jamaa, ambako kila nyumba ya Pemba ina mtu. Cheti chako kitahitaji kuthibitishwa na kugongwa mihuri, na wakati kinasubiri mihuri utafanya kazi ya kushika mlango wa ukumbi wa mazoezi, ukiwatazama watu wakinyanyua vyuma kwa mgongo uliopinda. Utatamani kuwasahihisha. Kazi yako ni mlango.

Lililo karibu zaidi na kweli ni kwamba utakuwa maalim wa baiolojia skuli ya sekondari, utafundisha mfumo wa mifupa kwa mchoro wa ubaoni, na jioni utakwenda kiwanjani kwa hiari yako, kwa sababu ukimwona mtoto anachechemea huwezi kukaa. Klabu yenu mpya inaanza Jumamosi, saa kumi jioni, Gombani. Gari la saa saba litaondoka saa tisa. Njoo na barafu yako, na ukifika mtafute mtunza vifaa, umwambie wewe ndiye dokta. Atakuonyesha ndoo za maji ziliko.